Kinyago cha Kumi na Mbili

Balqis alikataa kukigusa, mama mkwe wake alikataa kukitazama, na Aflah alikataa kukirudisha. Basi kikapelekwa chumbani kwa shaghala, mtumishi wa nyumba, kule nje karibu na mashine ya kufulia. Ndivyo mambo yalivyoamuliwa kila siku katika nyumba ile ya Ansab, Maskati: kisichotakiwa na mtu alipelekewa Nansubuga. Alipelekewa feni mbovu, akapelekewa godoro lililokojolewa na wajukuu, na sasa alikuwa anapelekewa uso wa watu wengine.

Kilikuwa kinyago kikubwa kuliko mtoto wa miaka kumi, cha nguo nyeupe ngumu iliyowambwa juu ya fito za mianzi, na macho mawili ya mviringo, mekundu na meusi, mapana kama masinia. Mdomo wake ulibenuka mbele kama wa bata. Aflah alikuwa amekitoa kwenye buti la gari asubuhi hiyo ya Jumatano, kimefunikwa blanketi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo kilikuwa kikichezwa. Aflah alikuwa kaimu meneja wa kampuni moja ya matamasha, na kampuni hiyo ilikuwa imeleta wachezaji kutoka kisiwa cha New Britain, huko Papua New Guinea, wanaume wa kabila la Wabaining wanaovaa vinyago hivyo na kucheza kuuzunguka moto, kisha wakaukanyaga kwa miguu mitupu. Watu wa Maskati walijaa uwanjani, simu zote juu. Desturi ya wachezaji wale ni kwamba kinyago huchezwa mara moja tu, kisha huchomwa. Aflah ndiye aliyekabidhiwa vinyago kumi na viwili avipeleke wadini, kwenye bonde kavu nje ya mji, vikachomwe. Vilifika kumi na kimoja.

"Ghassan anakitaka kwa majlis yake ya Bustan," alisema Aflah. Ghassan ndiye mkurugenzi wake, na majlis ndiyo sebule anamopokelea wageni. "Kaniambia kwa mdomo wake. Na barua yangu ya umeneja ipo mezani kwake inangoja saini. Nimjibu nini? Nimwambie hapana?"

"Umwambie wizi haramu," alisema mama yake, Bibi Sayyida. Alikuwa amekaa kwenye kochi akiupa mgongo mlango, ili asije akakiona.

"Wizi gani, Mama? Watu wanakwenda kukitia moto! Kitu cha kutiwa moto ni mali ya nani? Hiyo ni taka."

"Kama taka, mbona wewe wakifunika blanketi?"

Aflah akaanza kufoka. Bibi Sayyida akamwacha afoke mpaka amalize.

"Mimi nnakwambia, mwanangu," alisema. "Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Mimi na hilo dude hatulali chini ya dari moja. Chagua."

"Na kwangu jikoni halikai," alidakia Balqis. "Jamaa za mume wa Khulood wanaingia na kutoka wiki nzima hii. Waje waone shetani karibu na friji?" Khulood alikuwa mdogo wake Balqis, anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo, na tangu mwezi uliopita hakuna neno lililosemwa katika nyumba ile bila Khulood kutiwa ndani.

Kisha Balqis akaita, "Nansu! We Nansu!"

Jina la Nansubuga waliona refu, wakalikata siku ile ile aliyofika, miaka miwili na nusu iliyopita. Alikuja na mikono yenye povu la sabuni.

"Beba hiki, weka chumbani kwako."

Nansubuga akakitazama. "Madam, chumba ni kidogo. Mimi nitalala wapi?"

"Utalala pale pale. Sogeza kitanda."

"Na ile safari yangu ya Ijumaa, Madam?"

Balqis akamtazama mumewe. Aflah akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa paspoti ya Uganda, akaionyesha kama mtu anavyomwonyesha paka samaki, akairudisha mfukoni.

"Kikae kwako mpaka kesho alasiri. Asikione mtu, usimwambie mtu. Akishakichukua Ghassan, nakutia paspoti na tiketi mkononi. Wallahi."

Ahadi ni deni, wanasema Waswahili, lakini hawasemi mtu afanye nini kama mwenye deni ndiye pia mwenye ufunguo wa mlango. Nansubuga akakibeba.

*

Alipokigusa tu alijua ni nini. Hakuambiwa na mtu. Ile haikuwa turubai wala pamba. Ilikuwa gome la mti lililopondwa kwa nyundo ya mbao mpaka likawa nguo, na kwao Buganda nguo hiyo huitwa lubugo. Babu yake aliipiga maisha yake yote chini ya mituba yake, miti yenye gome hilo. Nansubuga alipokuwa mdogo alilala kwa mlio wa nyundo hiyo.

Lubugo ndiyo aliyovishwa bibi yake alipozikwa mwezi wa Machi. Nansubuga aliomba ruhusa ya kwenda mazikoni, Balqis akasema watu wazima hufa kila siku. Sasa ilikuwa Januari, na Jumamosi hii ukoo mzima ulikuwa unakutana kumaliza msiba. Siku hiyo mrithi hukaa mbele ya watu, akavikwa lubugo, na tangu hapo nyumba ya marehemu ni yake, shamba la kahawa ni lake, na hata wajukuu humwita kwa jina la bibi. Marehemu alikuwa amemtaja Nansubuga. Alimtaja mbele ya wazee wanne, akili zake timamu.

Kaka yake, Kizza, alimpigia simu mchana ule alipokuwa anasogeza kitanda.

"Tiketi umeiona kwa macho yako?" aliuliza Kizza.

"Wamesema kesho."

"Walisema kesho mwezi wa kumi pia. Nansubuga, sikiliza. Wazee wamekasirika. Mzee Mayanja mwenyewe anasema mtu havikwi lubugo kwa simu. Usipofika, watamvika Shamira."

Shamira alikuwa binti wa baba yao mdogo. Alikuwa ameshahamia katika nyumba ya bibi, "kuitunza," na ameshabadilisha kufuli.

"Mwambie Mayanja nakuja," alisema Nansubuga. "Mwambie Jumamosi asubuhi nitakuwa nimekaa kwenye mkeka."

Alipokata simu aliona vidole vyake vimekuwa vyekundu. Rangi ya kinyago ilikuwa imetoka. Alivisugua kwa sabuni ya unga, kisha kwa ndimu, wekundu ukabaki kwenye makunjo ya ngozi.

*

Alhamisi saa nne ya asubuhi gari la kampuni lilisimama getini. Alishuka mzee mfupi mwenye ndevu nyeupe, amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani. Huyu alikuwa Alois, mkubwa wa wachezaji. Aflah, aliyejifanya mgonjwa siku hiyo ili akae nyumbani na siri yake, alimpokea kwa bashasha zote: karibu, kaa, onja halua, kunywa kahawa. Nansubuga akaja na dele la kahawa na vikombe.

"Sikuja kunywa," alisema Alois kwa Kiingereza. "Tulileta vinyago kumi na viwili. Tumechoma kumi na kimoja."

"Pengine mmekosea. Mlikuwa mmechoka."

"Nimevitengeneza kwa mikono yangu, kimoja kimoja. Sikosei."

"Sawa, tuseme kimoja kimepotea." Aflah akatabasamu. "Kuna ubaya gani? Si mlikuwa mnakwenda kukichoma?"

"Ndiyo ubaya wenyewe. Kinyago kilichochezwa kisipochomwa, ngoma haijaisha. Aliyekivaa ni mtoto wa dada yangu. Nikirudi bila kukimaliza, nitamwambia nini dada yangu? Kwamba uso wa mwanawe umening'inizwa ukutani kwa mtu?"

"Hapana, hapana, hilo halitatokea."

"Na kuna jingine. Vinyago hivi mwanamke havigusi. Vinatengenezwa msituni na wanaume, vinamalizwa na wanaume. Kikishikwa na mwanamke, kosa ni langu mimi niliyekiachia."

Nansubuga alielewa kila neno. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha Aflah, ingawa hapakuwa na mtu katika nyumba ile aliyewahi kuuliza. Mkono wake wa kulia aliuficha chini ya sinia.

"Dereva anasema kuna kitu kiliingia katika gari lako," alisema Alois.

"Dereva ni mtu wa maneno. Wallahi, mzee, humu ndani hakimo." Aflah alikula yamini hiyo bila kupepesa, na kwa hesabu zake hakusema uongo, maana chumba cha shaghala kilikuwa nje.

Alois akageuka. "Na wewe, binti yangu? Unafanya kazi hapa. Umekiona?"

Aflah alimtazama Nansubuga, kisha taratibu akaupiga mfuko wa kanzu yake kwa vidole viwili.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtu aliyeketi vizuri anayesoma habari hizi atamlaumu kwamba hakusema. Lakini mtu huyo paspoti yake anayo kabatini mwake.

"Sijakiona, mzee," alisema Nansubuga.

Alois akainuka. Alisema ndege yao ni usiku, na kwamba njiani kwenda uwanja wa ndege angepita tena, pengine kufikia wakati huo mtu angekuwa amekumbuka. Kikombe hakukigusa. Hata hivyo alipotoka tu Balqis alisema kikombe kile kitupwe, na kochi lipigwe dawa.

*

Adhuhuri ilipopita, Nansubuga alikuwa akimenya vitunguu saumu, Balqis amesimama juu yake na simu, anapanga vyakula vya harusi.

"Jumatatu utaanza sambusa. Mia nne. Jumanne unasafisha mbuzi. Jumatano wanakuja wanawake wa hina, kwa hivyo majlis lazima..."

"Madam," alisema Nansubuga. "Jumatatu mimi siko."

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Ndege ni kesho. Baba amesema ana tiketi." Baba ndivyo alivyotakiwa kumwita Aflah.

Balqis akacheka, kisha akaona kicheko hakitoshi. "We mwanamke una akili kweli? Nani kakukatia tiketi wiki ya harusi ya mdogo wangu? Nani atasimama jikoni, mimi?"

"Lakini Baba ameapa. Jana. Mbele yako."

"Ameapa ili unyamaze. Ulivyokuwa unalialia na hilo dude, angefanyaje? Utakwenda baada ya Idi. Huyo bibi yako si keshakufa? Hatakufa tena. Menya."

Mambo mengine mtu huyajua miaka miwili na asiyaamini mpaka aambiwe usoni. Nansubuga alimenya vitunguu vilivyobaki, vyote, akaosha kisu, akakiweka mahali pake. Kisha akatoka nje.

Alikaa kitandani akitazamana na yale macho makubwa. Alikuwa amemdanganya mzee wa watu kwa ajili ya tiketi ambayo haikuwapo. Msiba wake mwenyewe ungemalizwa na Shamira, na hilo hakuwa na uwezo nalo. Lakini kulikuwa na shughuli nyingine ambayo haijamalizwa, iko hapa, imeegemea ukuta wake, na hii uwezo nayo alikuwa nao. Na zaidi ya huruma alikuwa na hasira, tena hasira nzuri, ya kumtosha mtu kunyanyua mzigo. Alitaka Aflah akija na mkurugenzi wake asikute kitu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tanuri la shuwa, shimo la kujengewa ambamo nyama ya Idi huzikwa ndani ya makaa. Alikiburuta kinyago mpaka pale, Aflah na Balqis wamejifungia ndani kwa usingizi wa mchana. Bibi Sayyida alikuwa amekaa juani na tasbihi yake, akiota joto la Januari.

"Walipeleka wapi hilo, we Nansu?" aliuliza, akikinga macho kwa mkono.

"Kulichoma, Bibi. Wenyewe wanataka lichomwe."

Bibi Sayyida alifikiri kidogo. Punje mbili za tasbihi zilipita.

"Basi lichome vizuri," alisema. "Lisibaki hata jicho."

Nansubuga alikiteremsha shimoni, akakimwagia mafuta ya kuwashia mkaa, akawasha. Gome kavu lilishika moto mara moja. Macho yakaenda kwanza, kisha mianzi ikaanza kupasuka. Alilia, kwa sauti, bila kujificha. Alimlilia bibi yake kwa mara ya kwanza tangu Machi, na Bibi Sayyida akasogeza kiti chake mbali na moshi.

*

Ghassan alifika alasiri kama alivyosema, kijana wa miaka thelathini na nane anayenukia udi. Aflah alimpokea getini akisugua mikono. Kabla hawajafika barazani, gari la kampuni nalo likasimama nyuma yao, Alois akashuka. Alinusa. Hakusalimia mtu. Alipita kando ya nyumba moja kwa moja mpaka uwani, na wale wawili wakamfuata mbio.

Shimoni kulikuwa kumebaki mianzi michache inayofuka moshi na majivu meupe mepesi. Alois alichutama, akachukua kijiti, akageuza yale majivu polepole akitafuta kipande kilichosalia. Hakukuta. Alisimama akiwa na machozi.

"Nani amekichoma?" aliuliza.

Uso wa Aflah ulikuwa umekauka. Alimtazama Ghassan. Naye Ghassan, ambaye hakufika alipofika kwa uzembe, aliliona lile gari la kampuni, akaona dereva anachungulia na simu mkononi, akaelewa mara moja upepo unakoelekea.

"Bila shaka ni Aflah," alisema kwa Kiingereza. "Sisi tunaheshimu desturi za wageni wetu."

"Ndiyo," alisema Aflah. "Mimi. Kilisahaulika garini. Nilipokikuta, nikaona nikimalize mwenyewe."

"Kwa mkono wako? Hapakuwa na mwingine?"

Nansubuga alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo. Neno moja lake lingetosha. Lingemvua nguo Aflah mbele ya mkurugenzi wake, na Mungu anajua alitamani kulisema. Lakini neno hilo hilo lingemwambia yule mzee kwamba kinyago cha mtoto wa dada yake kimeguswa na kuchomwa na mwanamke, na angepanda ndege nalo.

Alois akayainua macho, yakamwangukia. Aliona masizi mikononi mwake mpaka kwenye viwiko, aliona nyusi zilizoungua. Alitazama muda mrefu kidogo. Kisha akageuza uso, akamshika Aflah mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante," alisema. "Sasa naweza kwenda nyumbani."

Dereva akapiga picha.

*

Wageni walipoondoka, Aflah alifunga geti kwa komeo, akarudi jikoni. Hakupiga. Alikuwa mtu anayejivunia kwamba hapigi.

"Nani kakupa ruhusa?"

Nansubuga akamtazama Bibi Sayyida, aliyekuwa amekuja kuomba maji ya kunywa dawa. Aflah na Balqis nao wakamtazama. Bibi akaziangalia punje za tasbihi, akazihesabu, akasema maji yana baridi, akatoka.

"Mwizi!" alisema Balqis. "Leo kachoma kinyago, kesho atatuchoma sisi."

"Mimi nimechoma taka, Madam," alisema Nansubuga. "Baba mwenyewe alisema ni taka."

Balqis akamzaba kibao. Yeye hakuwa na cha kujivunia upande huo.

"Idi huioni kwenu," alisema Aflah. "Wala Idi ya pili. Na ukitoka getini, naripoti umetoroka. Unajua maana yake." Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Ghassan, na ndani yake picha ya Alois amemshika mkono, tayari imewekwa kwenye ukurasa wa kampuni. Aflah akausoma mara mbili. Hasira zikamwisha palepale. "Balqis," alisema. "Kasaini."

*

Jumamosi mchana nyumba ilijaa watu wa hongera ya umeneja. Jamaa walitoka Hail, walitoka mjini, wanaume majlis, wanawake ndani. Nansubuga alikuwa akipakua wali wa mchuzi wa papa na biriani ya mbuzi simu ya Kizza ilipoita. Aliiweka sikioni, akaibana kwa bega.

Kizza alisema watu wamekaa. Mkeka umetandikwa, lubugo imeletwa, imekunjwa. Nyuma yake ngoma zilikuwa zinasikika.

"Mayanja anauliza kwa mara ya mwisho. Anataka asikie kutoka kwako. Tukungoje, au tusikungoje?"

"Nansu!" aliita Balqis. "Wanaume hawajapata sinia la pili!"

Nansubuga alifumba macho. Aliomba asikie lile tanuri likilia ndani yake, ile hasira ya juzi, lakini ilikuwa imekwisha kazi yake na kwenda.

"Mvikeni Shamira," alisema. Akakata simu, akabeba sinia.

Majlis, Aflah alikuwa amekaa mahali pa heshima, kanzu mpya, anawasimulia wageni. Alikuwa amefika kwenye moto.

"Na hukuogopa?" aliuliza mmoja wa wazee.

"Niogope nini, 'ammi?" alisema Aflah, akimsogezea Nansubuga nafasi ya kuweka sinia bila kumtazama. "Mila za watu ni za kuheshimiwa. Kama mtu ana jambo la kwao la kumaliza, dhambi kumzuia."

Wazee wakaitikia kwamba amesema kweli, wakakunja mikono ya kanzu, wakaanza kula.